Hojaji za Chumba Namba Mbili

Sanduku la bati lilikuwa tupu. Kufuli lake lilikuwa juu ya kitanda, ufunguo ukiwa bado kwenye tundu, na kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani kwa uangalifu ili kisijigonge. Mwizi mwenye adabu kiasi hicho Inspekta Rugemalira hakuwa amekutana naye kwa miaka ishirini na tisa ya kazi.

Alichuchumaa, magoti yakalia, akachungulia ndani. Kalamu moja ya wino na mpira wa kufungia karatasi. Basi.

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili na kumi na mbili," alijibu mwanamke aliyesimama mlangoni. "Kila moja kurasa nne."

Mwanamke huyo aliitwa Elieth Mkumbo, Mnyiramba wa Singida, mhadhiri katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Tangu Agosti mwanzoni alikuwa Kagera akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu usimamizi na ubunifu katika malazi ya wageni. Alikuja na barua yenye muhuri wa mkoa, na muhuri huo ndio uliomtoa inspekta Bukoba mpaka Muleba Jumatano hiyo asubuhi. Ng'ombe akiibwa hutumwa koplo. Karatasi zenye muhuri zikiibwa hutumwa mtu mzima mwenye nyota mabegani.

"Ukiacha karatasi, kimepotea nini kingine?"

"Hakuna."

"Kompyuta?"

"Ile pale mezani. Na pochi yangu, na simu ya pili. Hakugusa."

"Uligundua saa ngapi?"

"Jana saa nane mchana, niliporudi kutoka Kemondo. Niliondoka hapa saa tatu."

"Ufunguo wa sanduku uliuweka wapi?"

Elieth alionyesha kikombe cha udongo dirishani. Rugemalira alikitazama kikombe, kisha akamtazama mwenye kikombe. Wasomi, alijisemea, wana kila kitu isipokuwa akili ya kuficha ufunguo.

"Karatasi zenyewe zina nini?"

"Ni hojaji. Maswali kwa watu wanaolala hotelini. Lakini nimechagua kundi moja tu: wazawa wa huku wanaoishi mbali, wanaokuja nyumbani halafu wanalala hotelini." Alisita. "Swali la kumi na nne ndilo utafiti wote. Una ndugu hapa? Kama ndiyo, kwa nini hukulala kwao?"

"Na wanajibu?"

"Inspekta, wanajibu mpaka nafasi inaisha, wanageuza nyuma ya karatasi wanaendelea." Alilitazama sanduku tupu. "Niliwaahidi siri. Hakuna jina, hakuna namba ya simu. Niliwaambia hakuna mtu wa Kagera atakayesoma. Kuna binti aliandika jambo la baba yake wa kambo ambalo likisikika kwao, hatarudi tena maisha yake yote. Karatasi hizo zikizagaa, kuna nyumba zitavunjika, na mimi ndiye nitakayekuwa nimezivunja. Na Ijumaa napanda ndege."

Rugemalira aliuelewa uzito wa jambo. Kagera watu wanajuana, na neno halihitaji nauli kutoka Muleba kufika Bukoba. Alikuwa na siku mbili.

Koplo Magdalena wa kituo cha Muleba, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimaliza kupaka unga wa alama za vidole kwenye kufuli na kifuniko.

"Kuna alama za mlalamikaji na za mwenye nyumba, afande. Za mwenye nyumba zimejaa kila mahali."

"Anafagia chumba hiki kila siku. Zingekosekana ndipo ningeshangaa. Jumatatu na Jumanne walikuja wageni gani?"

"Jumatatu alikuja mmoja," Elieth alisema. "Privatus Kahangwa, mwenye hoteli ya ufukweni Bukoba. Alikuja na hasira zake. Alikaa pale sebuleni akasema hoteli yake isitajwe kwenye utafiti wangu, la sivyo tutaonana."

"Mlango wa chumba ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi."

"Basi kikombe alikiona," alisema Rugemalira, akaandika jina.

Mwenye nyumba alikuwa Clotilda, mjane wa marehemu Kagaruki, mwenye miaka sitini na sita, mnyoofu wa mgongo, kanga imefungwa sawasawa. Nyumba yake ilikuwa moja ya nyumba kumi na moja zilizoingizwa katika mradi wa malazi ya nyumbani: mtalii anayechoka na hoteli analala kwa familia, anakula ndizi za kibanjani, anaonyeshwa mila. Cheti chake kilining'inia sebuleni kwenye fremu, juu kidogo ya picha ya Bikira Maria.

Inspekta alipotoka kukagua nje na kurudi, mama huyo alikuwa kizingitini, akamzuia kwa tabasamu. Mkononi alishika kikapu kidogo chenye kifuniko.

"Karibu sana nyumbani kwetu," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma katekisimu. "Hii ni akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Ni ishara ya upendo na amani. Mwenyeji huanza, mgeni hufuata."

Alitia punje moja mdomoni akatafuna, ndipo akamsogezea kikapu. Rugemalira alichukua. Zilikuwa zimechemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa vizuri kuliko alivyowahi kukausha mama yake mwenyewe.

"Maneno hayo, mama, uliyajifunza wapi?"

"Kwenye semina, afande. Mgeni kabla hajavuka kizingiti, akamwani. Mwalimu wetu alisema ubunifu si kununua vitu vipya. Ni kuuza kile mlichonacho."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kibanjani. Toka saa tatu mpaka saa nane."

"Ulimwona mtu?"

"Sikumwona."

"Ulisikia gari? Pikipiki?"

"Sikusikia."

"Unaishi na nani hapa?"

"Na wageni."

"Watoto?"

"Mmoja. Kahigi. Yuko Dar es Salaam."

"Huja kukuona?"

"Ana kazi nyingi," alisema mama, akaingia jikoni.

Rugemalira alimfuata kunawa mikono. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, safi, kuni zimepangwa kwa ukubwa. Hapakuwa na kiti, akakaa juu ya gunia la kahawa ya maganda lililoegemea ukuta. Harufu ya kitu kinachoungua ilimfikia puani.

"Mama, ndizi zako zinashika chini."

Clotilda alishtuka, akaepua chungu. Miwani ya kusomea ilikuwa inamning'inia kifuani kwa uzi, na moshi ulikuwa umeitia ukungu.

Gari la polisi lilirudi Bukoba kabla ya saa sita. Pale Kemondo Rugemalira aliona meli ya mizigo imetia nanga na watu wanapakua, akafikiria kusimama anunue samaki. Akaghairi. Samaki mzima kwa mtu mmoja ni kazi ya siku tatu.

Privatus Kahangwa alimpokea katika ukumbi wa chakula wa hoteli yake. Meza ishirini na mbili, wageni watatu, kila mmoja na meza yake, kila mmoja anatazama ziwa.

"Ulikwenda Muleba Jumatatu," alianza Rugemalira.

"Nilikwenda."

"Ukamtishia mtafiti."

"Nilimwambia ukweli kwa sauti. Anawagawia wageni wangu makaratasi pale mapokezi, waandike chai ya baridi, waandike shuka. Halafu anipe nyota mbili mbele ya wakubwa. Wewe ungecheka?"

"Jana, saa tatu mpaka saa nane, ulikuwa wapi?"

"Kemondo bandarini. Nilikuwa napokea majokofu mawili kutoka Mwanza. Waulize wapagazi, walinigombania nusu wanirarue shati."

Rugemalira alitoka nje akapiga simu bandarini. Majokofu yalikuwepo, na ugomvi ulikuwepo. Alirudi akakaa.

"Hata hivyo ungeweza kumtuma mtu."

"Inspekta," Privatus alisema, sasa kwa upole, "mimi ni mfanyabiashara. Yule dada mwenyewe aliniambia kwamba nyota, shuka na chai vyote vimeshaingia kwenye kompyuta. Ningetuma mtu aibe kompyuta. Karatasi ningezifanyia nini? Nikae nazo nisome miandiko ya watu?"

Neno hilo lilimwingia Rugemalira likakaa.

"Niletee kitabu cha wageni. Cha Agosti."

Kililetwa. Alipitisha kidole. Majina yalikuwa ya nyumbani, ukurasa baada ya ukurasa. Mengine aliyajua, mmoja alikuwa amesoma naye.

"Wahaya watupu," alisema.

"Agosti ni wao. Wanakuja harusi, wanakuja matanga, jioni wanarudi kwangu. Wengine huniomba nikikutana nao sokoni nisiwaite kwa jina."

Kidole kilisimama. Kahigi Kagaruki. Atokako: Dar es Salaam. Siku nne. Sababu ya safari: kutembea. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwa wino uleule wa bluu.

"Huyu unamkumbuka?"

"Namkumbuka, mpole. Kila asubuhi alikodi pikipiki, saa sita yuko hapa. Siku moja nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Muleba, kutazama."

"Kutazama nini?"

"Sikuuliza. Mwenye hoteli anayeuliza sana hulala na vitanda vyake."

Rugemalira alinakili jina na namba katika daftari lake, akaaga.

Alikula kwa mama ntilie mmoja aitwaye Edvina, karibu na soko, ambaye hakuwa tena anamuuliza anakula nini wala yuko na nani. Kisha akapanda kwake Kahororo. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinne na vitanda sita, na mwenye kulala alikuwa mmoja. Mke alishazikwa. Binti yake Jovita alikuwa ameolewa Mwanza.

Krismasi iliyopita alikwenda kumtembelea. Jovita alimtandikia shuka mpya, akamwekea mswaki ambao haujatolewa kwenye karatasi yake, akamkataza mume wake kuwasha redio. Alimpa kiti kizuri. Kila alipoinuka, mtu aliuliza baba anahitaji nini. Siku ya pili Rugemalira alisema ameitwa kazini. Hakuwa ameitwa. Alipanda meli akarudi, na njia nzima hakuweza kumwambia mtu kosa lilikuwa nini, maana hapakuwa na kosa. Alijisikia vibaya sana, na bado alikuwa anajisikia hivyo.

Alitoa kiti nje, akakaa na daftari magotini, jua likiwa bado halijazama.

Mwizi aliacha kompyuta. Kompyuta ilikuwa na nyota, umri, idadi ya siku. Karatasi zilikuwa na kitu kimoja ambacho kompyuta haikuwa nacho. Mwandiko. Mwizi hakutafuta habari ya hoteli yoyote. Alikuwa anautafuta mkono wa mtu.

Na ili mtu aanze kuutafuta, lazima kwanza ajue kwamba mkono huo umo.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa tena Muleba. Elieth alikuwa amekaa kitandani katika Chumba Namba Mbili, begi limefungwa, macho mekundu.

"Nina swali moja," Rugemalira alisema. "Uliwahi kumsomea mtu yeyote jibu lolote?"

"Siwezi kufanya hivyo. Ni kinyume cha maadili ya utafiti."

"Sikuuliza kama unaweza."

Elieth alitazama mikono yake. "Moja tu. Jumapili, wakati wa chakula. Halikuwa na jina, Inspekta! Lilikuwa zuri, nikataka kumfurahisha Mama Clotilda. Miezi mitatu amenilisha kama mwanawe."

"Lilisemaje?"

"Ni la swali la kumi na nne. Wengine wanaandika ukurasa, huyu aliandika sentensi moja: 'Mara ya mwisho mama alinipokea mlangoni na akamwani.' Nilidhani hakuelewa swali, akaamua kumsifu mama yake. Nililipanga kwenye kundi la ukarimu wa asili."

Nje kuku alikuwa anatangaza yai lake kwa mayowe.

"Mama Clotilda alisemaje?"

"Alisema ni zuri. Akaondoa sahani." Elieth alikunja uso, anakumbuka. "Nilikuwa sijamaliza kula."

"Dada Elieth, wewe si wa huku, si kosa lako kutojua. Akamwani mlangoni ni ya mgeni. Mtoto wa nyumba hapewi. Mtoto anapita, anakwenda jikoni, anafunua chungu bila ruhusa, anagombezwa. Ukisimamishwa kwenye kizingiti cha mama yako, ukafunguliwa kikapu, umeambiwa wewe ni mgeni. Yule mtu alilielewa swali lako vizuri. Wote mia mbili na kumi na mbili, nadhani hakuna aliyelijibu vizuri kuliko yeye."

Elieth aliziba mdomo kwa kiganja.

Rugemalira alikwenda mlangoni. Kibao kipya cha namba mbili kilikuwa kimepigiliwa juu ya fremu. Chini yake, usawa wa kifua cha mtoto, mbao ilikuwa imechongwa kwa msumari, herufi zimepinda: KAHIGI DARASA LA NNE. Elieth alikuja akaisoma. Alikuwa amepita hapo kila siku tangu Agosti akidhani ni mikwaruzo.

Clotilda alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Rugemalira aliinama kuingia, Koplo Magdalena nyuma yake, Elieth nyuma ya Magdalena.

"Mama, mwaka huu kahawa yako uliiuza lini?"

"Mwezi wa tisa, afande."

"Yote?"

"Yote. Chama cha ushirika kilipofunga kupokea sikuwa nimebakiwa na kitu."

"Sasa tuko Novemba. Jana nilikalia gunia. La nini?"

Kisu kilisimama katikati ya ndizi. Mama alikiweka chini, akanawa mikono, akaifuta kwa kanga kidole kimoja kimoja.

"Fungua mwenyewe," alisema.

Magdalena alifungua. Juu palikuwa na maganda makavu ya kahawa, kina cha kiganja. Chini yake karatasi, zimepangwa, zimefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya mgomba. Elieth alipiga magoti akaanza kuzihesabu huku analia.

"Clotilda Kagaruki," alisema Rugemalira, na hakulipenda neno lake mwenyewe, "unatuhumiwa kwa wizi. Una haki ya kunyamaza. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Waitu, afande, nimenyamaza vya kutosha."

"Ulizichukua lini?"

"Jumanne, saa nne. Sikuwa kibanjani."

"Kwa nini hukuchukua ile moja tu?"

"Ningejuaje iko wapi? Na tulikuwa kumi na mmoja, afande. Semina moja, mwalimu mmoja, vikapu kumi na moja tulisukiwa na mtu mmoja. Kila mmoja wetu ana watoto mbali. Nikasema labda ni mtoto wa Consolata. Nikasema labda ni wa Klaudia hapo jirani. Niliomba, Mungu anisamehe, niliomba aibu hii iwe ya mwenzangu. Kwa hiyo nikasoma mmoja mmoja, nautafuta mwandiko, na kila niliyemkuta si yeye nilimshukuru Mungu."

"Na jana, nilipokuwa nimekaa hapa?"

"Nilikuwa nimebakiza ishirini. Ulikalia ishirini hizo. Ulipoondoka nikaendelea. Ilikuwa ya tatu kutoka mwisho."

Aliingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakumpa inspekta. Aliifungua akaionyesha kwa mbali.

"Herufi yake ya K huianza chini kwenda juu. Mwalimu alimchapa mwaka mzima, hakuacha."

"Tueleze ilikuwaje, mama," alisema Magdalena, na ndiyo mara ya kwanza siku hiyo alifungua mdomo.

"Alikuja Pasaka. Hakupiga simu, alitaka kunishtukiza. Siku hiyo nilikuwa nawangoja Wajerumani wawili. Nikaona mtu na begi anapanda njia. Macho yangu ya mbali si mazuri. Nikachukua kikapu, nikasimama kizingitini kama tulivyofundishwa. Alipofika karibu nikaona ni yeye. Lakini mdomo ulikuwa umeshaanza. Karibu sana nyumbani kwetu. Nikayasema yote mpaka mwisho. Mpaka sasa najiuliza nilishindwaje kunyamaza katikati. Nilikuwa nayasema kila wiki, yalitoka yenyewe. Alitoa punje moja, akatafuna, akasema asante sana. Kwangu mimi, mama yake. Asante sana."

Moto ulipasua kuni.

"Chumba chake kilikuwa na namba, Wajerumani walikuwa wameshakilipia. Nikamtandikia sebuleni. Asubuhi akasema ana kazi. Tangu siku hiyo namba yake haipatikani. Miezi saba. Nilidhani ameumwa. Nilidhani ameoa mwanamke asiyetutaka. Sikujua ni mimi."

Rugemalira alivua kofia. Alikuwa na jambo ambalo hakulazimika kulisema, na sheria haikumdai. Alilisema kwa kuwa aliona ni dhambi kubaki nalo.

"Agosti alikuja tena. Alilala Bukoba siku nne. Kila asubuhi alikodi pikipiki kuja Muleba. Alimwambia mwenye hoteli anakuja kutazama."

Clotilda alimkazia macho. Kisha uso wake ukaanza kubomoka taratibu, kuanzia kidevu.

"Pikipiki," alisema. "Ilisimama pale chini kwenye mivinje. Mtu wa nyuma hakushuka. Siku ya kwanza nikasema wamepotea njia. Siku ya pili nikamwona tena, nikasema huyu ni mgeni, anaona haya kupanda. Nikaingia ndani kuchukua kikapu. Nilipotoka nacho, alikuwa ameondoka."

Alilia kwa sauti, mwili mzima, kama watu wanavyolia msibani. Magdalena alimshika bega. Elieth alikuwa bado amepiga magoti kati ya karatasi, na hesabu ilikuwa imempotea.

"Agosti chumba kilikuwa na mimi," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kitanda chake."

Ilichukua muda mpaka mama akapangusa uso. Aliikunja karatasi, akamnyooshea Elieth.

"Hii ni yako. Nimekuibia, na umekula kwangu. Nisamehe. Na usiogope kuhusu zile nyingine. Nimezisoma, nisidanganye, nimezisoma zote. Binti wa Klaudia alilala Kemondo siku tatu mwezi wa nane, na mama yake tunasali Rozari pamoja kila Jumatano, anamwombea mtoto arudi. Sitamwambia. Watu wengi wamekuja nyumbani, omwana wange, mwanangu, na sisi hatuna habari. Nitazikwa na siri zao."

Elieth hakuipokea. "Niliwaahidi siri nami ndiye niliyeivunja mezani kwako," alisema. "Kaa nayo, Mama. Nitaandika hojaji mia mbili na kumi na moja." Alimgeukia inspekta. "Sina malalamiko. Niandikie popote nisaini."

Rugemalira alitoa karatasi ya maelezo, akaiandika kwa mistari mitatu, Elieth akasaini. Jalada la uchunguzi likawa limefungwa juu ya gunia la maganda. Kisha alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa jana.

"Mama, namba yake mpya ninayo. Ilikuwa kwenye kitabu cha hoteli. Si kazi yangu kugawa namba za watu, lakini naweza kupiga sasa hivi kwa simu yangu, uzungumze naye."

Clotilda aliitazama simu muda mrefu. Mkono ulinyanyuka mpaka nusu ya njia.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje."

Mkono ulirudi chini.

"Nikimwita, atakuja," alisema. "Ana adabu, atakuja na zawadi, atakaa siku mbili, atasema asante. Nitakuwa nimemwalika. Mtoto haalikwi kwao, afande."

Rugemalira alitaka kubisha. Aliona kitanda cha Mwanza na mswaki ndani ya karatasi yake, akarudisha simu mfukoni.

Mama alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba. Walimsikia akiburuta kitu, wakamfuata. Alikuwa amelitoa begi la Elieth koridoni na anavua shuka nyeupe za wageni, foronya baada ya foronya.

"Leo utalala chumba namba moja, mwanangu," alimwambia Elieth. "Kesho utasafiri salama. Huku halali mtu tena."

Alifungua kabati, akatoa blanketi la zamani la kijivu, limetoboka pembeni. Akalitandika, akalivuta pembe zikae sawa, akakaa ukingoni.

Rugemalira alisimama mlangoni. "Unadhani atakuja lini?"

"Sijui. Mgeni ndiye anayewekewa siku ya kuja," alisema Clotilda. "Mimi nitakaa tu."

Inspekta aliwasaidia kubeba sanduku la bati hadi chumba namba moja, akawaaga, akateremka kwenye gari. Njia ya Bukoba ilikuwa kavu, na ndani ya gari kulikuwa na nafasi ya abiria wanne.